Kadi za Kilatini za sheria ya mali ya Kirumi: nunua, ila huyo ngamia mfute

Wadau wa sheria, zile kadi za kujisomea istilahi za Kirumi za kuhamisha mali zinazozunguka kwenye magrupu ya wanafunzi nimezinunua na nimezitumia mpaka kona zimekunjika, so nawapa maoni yangu. Muuzaji simtaji, wanaozijua wanazijua.

Kilichonifurahisha hawajakurundikia Kilatini ukariri kama kasuku. Kadi ya mancipatio (kuhamisha mali kwa sherehe ya shaba na mizani) ndo kali kuliko zote, nyuma kuna mchoro wa nani anasimama wapi: mnunuzi, muuzaji, mashahidi wasiopungua 5, wote raia wa Roma waliobalehe, halafu yule jamaa anaitwa libripens ambaye kazi yake pale ni kushika mizani ya shaba basi. Mnunuzi anamkamata kwa mkono mtumwa anayeuzwa (ndiyo, binadamu, na kadi haijazungusha maneno hapo), anatamka mbele ya wote kwamba huyu ni wangu kwa haki ya Wakwiriti (yaani raia wa Roma) na nimemnunua kwa shaba hii na mizani hii, anagonga mizani na kipande cha shaba, anampa muuzaji, imeisha hiyo. Na ukiangalia vizuri mchoro aliyefungua mdomo ni mnunuzi peke yake! Muuzaji yupo tu anapokea. Sisi darasani tulisoma hii kitu wiki nzima na hakuna aliyetuambia hilo.

In iure cessio nayo wameiweka poa, mnaenda kwa praetor (afisa wa Roma aliyesimamia kesi), mnunuzi anadai hiki ni changu, muuzaji anaulizwa kama anapinga, ananyamaza, praetor anampa mnunuzi. Kesi ya kuigiza kabisa lakini mali inahama kihalali. Traditio kadi moja tu, kukabidhi mkononi kwa sababu halali, haina mbwembwe.

Utamu upo kwenye kadi mbili za kijani ambazo lazima uzisome pamoja. Ng'ombe wa kulimia ni res mancipi, yaani mali inayotakiwa kuhamishwa kwa mancipatio au in iure cessio, sasa ukikabidhiwa hivi hivi kwa traditio bila shaba wala mizani unaye zizini kwako ila kwa haki ya Wakwiriti mwenye mali bado ni yule aliyekuuzia, ni kama pikipiki unaendesha wewe huku kadi inasoma jina la mtu mwingine. Mpaka usucapio (kuwa mwenye mali kwa kukaa nayo muda uliowekwa) ikamilike, mwaka 1 kwa vitu kama hivyo na miaka 2 kwa ardhi, hapo katikati praetor ndo anakulinda. Hizi kadi mbili peke yake zimerudisha hela yangu.

Sasa lawama. Kadi ya res mancipi wamechora ng'ombe, farasi, nyumbu, punda, alafu pembeni NGAMIA. Jamani! Gaius, mwanasheria wa Roma wa karne ya 2, kaandika waziwazi ngamia na tembo ni nec mancipi (mali zisizohitaji sherehe hizo) hata kama wamefundishwa kubeba mizigo, wanahesabiwa kama wanyama wa porini na wakati ule mgawanyo unawekwa Warumi walikuwa hata hawawajui. Hilo ni swali la mtihani la kila siku, yani mtu anaenda kupoteza maksi kwa ajili ya mchoro. Nikamtumia muuzaji meseji, akajibu "ni mchoro tu dada". Haya.

Kingine, constitutum possessorium (muuzaji anabaki na kitu ila sasa anakishika kwa niaba ya mnunuzi) wameichanganya na istilahi za Gaius wakati hilo jina lilitungwa na wasomi wa karne za kati huko, wangeweka hata kinyota. Na Kaizari Justinian hayupo kabisa, mtu akimaliza boksi zima atadhani ile mizani iliendelea kugongwa milele, kumbe mwaka 531 Justinian alishafuta tofauti ya res mancipi na nec mancipi na ikabaki kukabidhi tu. Kadi moja tu ingetosha hapo, sijui walibania nini.

Karatasi ni ngumu na maandishi yanasomeka vizuri hata kwenye daladala, boksi ndo bovu linachanika mapema, tafuteni mpira wa kubania. Kwa anayeanza nampa nyota 4 kati ya 5, kwa mwaka wa mwisho anayeandika tasnifu hazitoshi, huyo akamsome Gaius mwenyewe. Na ukizipata, kabla hujamwazima mtu, chukua maka peni umfute ngamia.