Rafu ya masikio, pua na koo katika duka la tiba mbadala Arusha: cha kununua na cha kuacha

Duka ninalolizungumzia lipo Arusha, mwendo mfupi kutoka Soko la Kilombero. Sitalitaja jina, kwa sababu bidhaa zake karibu zote zinapatikana pia katika maduka mengine ya aina hiyo hapa mjini na Moshi, na kasoro nitakazozieleza si zake peke yake. Rafu moja karibu na kaunta imebandikwa karatasi yenye maneno "Masikio, Pua na Koo bila antibayotiki", na katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapotelemka kutoka Meru na darasa zima la watoto likawa linakohoa, wateja husimama foleni mbele yake. Nilinunua sehemu kubwa ya vilivyomo. Vingine tulivitumia nyumbani, vingine nikaviacha vimefungwa baada ya kusoma maelezo yake. Kwa maoni yangu, vitu vinavyosafisha, kukausha au kutuliza vinastahili fedha ya mteja, ilhali vinavyojigamba kuua bakteria ndivyo dhaifu kuliko vyote, na viwili kati yake ni vya hatari.

Ni haki kusema kwanza kwamba wazo lenyewe la rafu hiyo lina msingi. Maumivu mengi ya koo na mafua karibu yote husababishwa na virusi, ambavyo antibayotiki haiwezi kuvigusa, na hata uvimbe wa sikio la kati, ambao mara nyingi una bakteria ndani yake, huisha wenyewe kwa watoto wengi ndani ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana miongozo ya nchi nyingi humruhusu daktari kumpa mtoto aliyevuka miaka miwili, asiye na homa kali wala maumivu makubwa, dawa ya kutuliza maumivu na kumwangalia kwa saa 48 hadi 72 kabla ya kuamua juu ya antibayotiki. Sisi tumezoea kinyume chake: mtu huingia duka la dawa bila cheti cha daktari, huomba amoksilini ya shilingi elfu mbili, hunywa hadi apate nafuu, kisha vidonge vilivyobaki humsubiri jirani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 pekee. Kwa hiyo chochote kinachomvusha mtoto katika siku hizo mbili za kusubiri, bila kumdhuru, kina nafasi yake nyumbani.

Kilicho bora katika rafu nzima ni chupa ya plastiki laini ya mililita 240 ya kusafishia pua, inayouzwa pamoja na vipakiti vya chumvi kwa shilingi 28,000. Mtumiaji huinama juu ya sinki au beseni, huweka mdomo wa chupa kwenye tundu moja la pua, hupumua kwa kinywa, na kuibinya chupa taratibu hadi maji yatokee tundu la pili yakiwa yamebeba kamasi na vumbi. Mara ya kwanza mtu huhisi kama aliyepaliwa mtoni, lakini hisia hiyo haidumu. Chupa haiui bakteria na haidai kuwaua. Inaondoa kamasi nzito ambamo wanastawi, na kuvirahisishia vinyweleo vya ndani ya pua kazi ya kusukuma uchafu nje. Wahindi wamekuwa wakifanya hivyo kwa kibirika kidogo tangu enzi za kale, na leo miongozo ya madaktari wa Ulaya na Marekani huipendekeza njia hii kwa watu wenye uvimbe sugu wa sainasi, yaani mianya ya mifupa iliyo kando ya pua. Kwa mtu anayeishi kando ya barabara ya vumbi, na Arusha hazijapungua, tofauti huonekana hasa usiku, pua inapokuwa wazi na usingizi ukaja bila kukoroma.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo muuzaji alilipuuza na ambalo lingepaswa kuandikwa kwa wino mwekundu. Nilipouliza ni maji gani yatumike, kijana wa kaunta alijibu kwa heshima zote, "Mama, hata ya bomba yanafaa, mradi yawe vuguvugu." Hayafai. Maji ya kuingiza puani yanatakiwa yawe yamechemshwa yakapoa, au yawe yamekenekwa, kwa sababu ipo amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, iitwayo Naegleria fowleri ambayo haimdhuru anayeyanywa maji lakini ikipitia puani hufika kwenye ubongo na kuua karibu kila inayempata. Mwaka 2011 watu wawili walifariki hivyo katika jimbo la Louisiana, Marekani, baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba. Tukio la namna hiyo ni nadra sana, ila dawa yake ni sufuria na moto, na sioni sababu ya kubahatisha. Maji ya chupa ya dukani nayo yachemshwe, maana yalitengenezwa kwa ajili ya kunywa. Vipakiti vikiisha si lazima kununua vingine: gramu 9 za chumvi safi katika lita moja ya maji ndicho kipimo kinacholingana na mwili, nacho hata mizani ya jikoni inaweza kukipima. Vipakiti vya kiwandani huongezewa bikaboneti kidogo ili maji yasiwashe, na hiyo isidhaniwe kamwe kuwa ndiyo magadi tunayotia kwenye makande.

Asali ya nyuki wadogo, shilingi 15,000 kwa chupa ya mililita 250, ni ya kweli na ina ule uchachu wake unaojulikana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mapitio ya majaribio kadhaa wakaona kuwa asali hupunguza kikohozi na ukali wa dalili za mafua kuliko huduma za kawaida ambazo wagonjwa hupewa. Hilo linatosha kuinunua. Lebo, hata hivyo, inasema kwamba "inaua bakteria wa koo", na hapo imevuka mpaka: ni kweli kwamba asali huua bakteria wengi katika sahani ya maabara, kwa sababu ya wingi wa sukari, uchachu wake na haidrojeni peroksidi inayotengenezwa ndani yake, lakini kijiko cha asali hupita kooni kwa sekunde chache tu na kinayeyuka katika mate. Pia lebo haisemi kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli, ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzizuia. Kasoro hiyo si ndogo katika duka ambalo nusu ya wateja wake wamebeba watoto mgongoni. Pembeni yake kulikuwa na asali ya manuka kutoka New Zealand kwa bei ya kutisha, na kwa koo linalowasha sikuona inachozidi ile ya nyuki wetu.

Bazoka za zailitoli, aina ya sukari mbadala, ni bidhaa ya kupendeza iliyowekwa mahali pasipo pake. Majaribio yaliyofanywa Oulu, Finland, na kuchapishwa mwaka 1996 na 1998, yalionyesha kwamba watoto wa vituo vya kulelea waliotafuna bazoka hizo mara tano kila siku walipata uvimbe wa sikio kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 40 hivi. Hiyo ni kinga, tena ya kila siku kwa miezi. Watafiti wa huko huko walipojaribu kuwapa watoto wakati wa mafua tu, faida haikuonekana. Mtu anayenunua pakiti moja kwa ajili ya mtoto ambaye tayari analia sikio amenunua peremende. Mwenye mbwa asiache pakiti mezani, kwani zailitoli ni sumu kwao.

Sasa matone ya sikio. Ni kichupa cha mililita 10 chenye mafuta ya zeituni yaliyolowekwa kitunguu saumu, shilingi 8,000, lebo ya kuchapwa kwa printa, bila namba ya usajili wa TMDA (mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba), bila tarehe ya kwisha muda. Muuzaji alikieleza kuwa ni "antibayotiki ya asili isiyo na madhara", na hakuuliza swali moja ambalo lingebadilisha kila kitu: sikio linatoa usaha? Kuna majaribio yaliyofanywa Israeli, yakachapishwa mwaka 2001 na 2003, ambamo matone ya mitishamba yenye kitunguu saumu yalituliza maumivu ya sikio la kati kwa watoto sawa na matone ya ganzi. Ni habari njema, lakini ilihusu maumivu, na ilihusu masikio ambayo ngoma yake ilikuwa imekaguliwa ikaonekana ni nzima. Ngoma ikiwa nzima, mafuta hayapiti kufika kwenye uvimbe ulio nyuma yake, kwa hiyo hayawezi kuua chochote huko. Ngoma ikiwa imetoboka, mafuta yasiyo safi huingia moja kwa moja kwenye sikio la kati. Nyumbani hatuna kifaa cha kuona ngoma, na hata muuzaji hana. Hiki ndicho nilichokiacha kimefungwa.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba sikio linalotoa usaha lina matibabu yasiyo ya kumeza antibayotiki, nayo hayamo katika rafu hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wenye usaha wa muda mrefu, yaani siku 14 au zaidi, ni kukausha sikio mara tatu kwa siku kwa utambi wa kitambaa laini kinachofyonza, uliosokotwa na kuingizwa taratibu, ukibadilishwa hadi utoke mkavu, kisha kutia matone ya dawa ya jamii ya kwinoloni kwa wiki mbili. Matone hayo ni antibayotiki, ila hufanya kazi pale pale yanapotiwa, ndani ya sikio. Bila kukausha kwanza, dawa huelea juu ya usaha. Vijiti vya pamba havifai kazi hii, na wala maziwa ya mama au maji ya majani yasitiwe. Uvimbe ukitokea nyuma ya sikio, safari ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina idara ya masikio, pua na koo kwa kesi zinazohitaji bingwa.

Kifurushi cha "Tiba ya Tonsi", shilingi 35,000, ndicho kibaya kuliko vyote, si kwa kilichomo, kwa kuwa ni tangawizi, mdalasini na karafuu tu, bali kwa ahadi yake kwamba mtoto hatahitaji hospitali. Mafua na kikohozi vikiambatana na koo kuuma, tangawizi inatosha. Lakini mtoto mwenye homa, tezi za shingo zilizovimba na kuuma, mafindofindo yenye madoa ya usaha, na asiyekohoa, huenda ana bakteria wa streptokoka kundi A, na hao wakiachwa wanaweza kuleta homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo liume huzuia madhara hayo, na ni dawa ya bei nafuu ambayo streptokoka hao bado hawajaizoea. Ni moja ya sehemu ambazo kukataa antibayotiki ni kosa. Mteja mwenzangu kwenye foleni, mama wa makamo mwenye nia njema, alinishauri badala yake nimpeleke mtoto akakatwe kimeo. Nilimshukuru kwa ushauri na nikamweleza kwamba watoto huvuja damu na kupata maambukizi kwa wembe huo.

Fungu la majani ya mikaratusi na mchaichai la kujifukizia linanukia vizuri. Mtoto asifunikwe blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto, kwani akiitikisa ataungua, na mvuke wenyewe haujathibitika kufupisha mafua.

Huduma ni ya haraka, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hutolewa bila kuombwa, na kijana wa kaunta ni msikivu: nilipomweleza habari ya maji ya bomba aliandika kwenye daftari lake. Karatasi ya maelezo ya chupa ya pua iko kwa Kiingereza pekee, jambo ambalo mwagizaji angeweza kulirekebisha kwa ukurasa mmoja. Chupa hiyo niliiona pia katika famasi karibu na Mnara wa Saa kwa shilingi 22,000, ikiuzwa na mfamasia aliyeuliza nani ataitumia. Asali nitaendelea kuinunua Kilombero.