Treni ya Harry Potter Orlando: bustani nzuri, wakala hovyo

Jamani nianze na huyu wakala wa safari maana hasira bado ninazo. Jina simtaji, ni mtu wa kwetu kabisa, anawapangia Waswahili wa huku Marekani safari, na nilimwambia mapema tena kwa voisi, kaka huyu mtoto wa dada yangu katoka Tanga kaja likizo, anachotaka Orlando ni ile treni ya Harry Potter, yule mtoto mchawi wa kwenye vitabu na filamu, mengine yote ni nyongeza. Akajibu "usijali dada, imeisha hiyo". Nikatuma hela.

Tumefika, jua la Florida linachoma, tumepanga foleni mpaka mlangoni kwa treni, tiketi inaskaniwa inagoma. Dada wa pale akatuelewesha kwa upole kabisa kwamba treni inatoka bustani ya michezo ya Universal Studios Florida inaingia bustani yao ya pili jirani, Islands of Adventure, kwa hiyo lazima uwe na tiketi ya zote mbili. Za kwetu zilikuwa za bustani moja. Mtoto ananiangalia, "mama mdogo, hatupandi?"

Napiga simu kwa wakala, ananijibu "dada tiketi ni tiketi, si mmeshaingia ndani?" Tiketi ni tiketi! Yaani unachukua hela ya mtu ya uwakala, umeambiwa treni, halafu unamkatia ya bei ya chini, na usiniambie hakujua, kazi yake ndo hiyo kila siku.

Pale kaunta hasira zikahamia hata kwa Universal wenyewe, kampuni ya filamu yenye hizo bustani. Maana angalia walivyojipanga, 2010 wamefungua eneo la kwanza la Harry Potter bustani moja, watu wakafurika, 2014 wakafungua la pili bustani ya jirani, katikati wakapitisha treni, sasa ukiitaka unalipia pande zote. Na filamu zenyewe wala si zao, ni za Warner Bros., wao wamechukua haki ya kuzitumia tu. Nikasema huu ni wizi, nikalipa tofauti mikono inatetemeka.

Halafu tukapanda, na hilo neno wizi nalifuta. Pale stesheni ya King's Cross, ya kuigiza ile ya London, unawaona walio mbele yako kwenye foleni wanapotelea ukutani, mtoto kanikaba mkono hataki kuniachia, ndani ya behewa London inapita dirishani, kwenye kioo cha mlango vivuli vya watu vinapita koridoni vinaongea, na ukirudi na treni hiyo hiyo unayoyaona ni mengine kabisa. Mtoto ambaye huwa hanyamazi alikaa kimya njia nzima, macho dirishani. Ndo kitu huyu kaka alitaka kutunyima kwa sababu ya dola zake chache.

Hawa wa Universal kazi hii hawajaianza jana. Mwanzilishi wao Carl Laemmle tangu 1915 alikuwa anatoza watu senti 25 waingie studio yake ya California kuona filamu zinavyotengenezwa. Na bustani yao ya Orlando ilipofunguliwa 1990 mashine kubwa kubwa ziliharibika siku ya kwanza kabisa, watu walikasirika kweli, lakini kampuni ikatoa vocha warudi siku nyingine. Ndo maana wamekua. Wakala wangu nimemwomba tofauti tu, hata samahani sijaidai, meseji kasoma kanyamaza.

Sasa Mei 2025 wamefungua bustani nyingine Orlando, Epic Universe, nayo ina eneo lake la Harry Potter, tena iko mbali na zile mbili za zamani, kwa hiyo hapo ndo watu watachanganywa zaidi. Na juzi namwona huyu huyu kwenye grupu la WhatsApp anatangaza "Universal yote bei ya kutupa". Nikamuuliza hapo hapo mbele ya watu, kaka hiyo tiketi inaingia bustani gani na gani, na hela yangu lini? Kwa vile yeye ndo admini, meseji kaifuta.