Shambles, York: mtaa wa mabucha usiouza nyama tena

Mwingereza wa leo akisema chumba chako ni "shambles", amekuambia kimekaa shaghalabaghala. Lakini mtaa wenye jina hilo mjini York, kaskazini mwa Uingereza, ni uchochoro mfupi uliojengwa kwa akili nyingi, na unastahili kutembelewa kwa sababu hiyo hasa.

Neno lilianzia kwenye kibenchi, "scamellum" kwa Kilatini. Kiingereza cha kale kililichukua, likawa meza ya kuuzia nyama, baadaye soko la nyama, kisha machinjio. Kutoka machinjio likahamia popote palipomwagika damu nyingi. Maana ya vitu kutapakaa ovyo ni ya karne ya 20 tu.

Ukifika, achana kwanza na maduka, utazame kuta. Kulabu za kutundikia nyama bado zipo, na chini ya madirisha kuna vizingiti vipana vya mbao vilivyokuwa kaunta. Ghorofa za juu zimetokeza mbele kiasi kwamba majirani wa pande mbili wangekaribia kushikana mikono. Jua halikupata pa kupenya kuiharibu nyama. Njia za miguu zimeinuliwa pembeni ili katikati pawe mfereji wa kuoshea damu na matumbo. Kasoro ilikuwa ratiba: mfereji ulisafishwa kwa maji mara 2 tu kwa wiki, ilhali maduka mengi yalichinja uani.

Mwaka 1872 mabucha yalikuwa kama 25. Leo hakuna hata moja; kuna chokoleti, zawadi na majoho ya kichawi, kwa bei za watalii. Chakula nunua soko la nyuma, Shambles Market.

Usipite bila kuingia kikanisa cha Margaret Clitherow, mke wa mwenye bucha. Mwaka 1586 alikataa kujibu shtaka la kuwaficha mapadri Wakatoliki, akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Alitangazwa mtakatifu 1970. Kikanisa kiliwekwa katika nyumba iliyodhaniwa kuwa yake, lakini namba za nyumba zilikuwa zimebadilishwa baada ya kifo chake, hivyo inaaminika nyumba yake halisi ni ya upande wa pili.

Kuingia mtaani ni bure. Nenda kabla ya saa 4 asubuhi, kwani mchana watu hubanana na kulabu huzioni. Vaa viatu bapa, mawe yana mabonde. Kiti cha magurudumu kitasumbua. Kutoka stesheni ya treni ni kama dakika 15 kwa miguu.