Matterhorn kwa treni ya Gornergrat: shuka Rotenboden kwanza

Ukiwa na siku moja tu Zermatt, mji mdogo wa Uswisi chini ya mlima Matterhorn, panda treni ya Gornergrat, tuta la mlima linaloutazama. Ila tiketi usiikate kabla ya kutazama kamera za mtandaoni zinazoonyesha kilele mubashara. Matterhorn, mita 4,478, hujitengenezea wingu lake: upepo ukikipiga kilele, hewa yenye unyevu hupanda upande wa pili, ikapoa na kuning'inia pale kama bendera, hata kama anga lote halina wingu. Watu wa Moshi wanaijua shida hii kwa Kibo. Kwa hiyo asubuhi, na mapema.

Magari ya petroli hayaingii Zermatt. Gari linabaki Täsch, unamalizia kwa treni ya dakika 12. Kituo cha Gornergrat kinatazamana na kituo kikuu, huna haja ya teksi. Hii ni reli ya meno (gurudumu la meno hung'ata reli yenye meno ili treni isiteleze mlimani), ya umeme tangu ilipofunguliwa 1898, na inakutoa mwinuko wa takribani mita 1,600 hadi 3,089 kwa dakika 33. Wakati wa kupanda kaa kulia. Walio kushoto wanaona zaidi migongo ya wenzao.

Kosa la wengi ni kupitiliza hadi juu. Mimi nasema shuka Rotenboden, kituo kimoja kabla ya mwisho, kisha teremka kwa miguu kama dakika kumi hadi ziwa dogo la Riffelsee. Weka ziwa kati yako na mlima, chuchumaa karibu kabisa na maji: mlima wote umo humo, kichwa chini, hadi michirizi ya theluji kwenye mwamba. Upepo ukianza, viwimbi vidogo tu vinaifuta picha. Mapema Juni ziwa linaweza kuwa bado na barafu.

Ndipo upande Gornergrat. Pale juu utamu ni barafuto (mto wa barafu) ya Gorner na Dufourspitze, mita 4,634, kilele kirefu kuliko vyote Uswisi. Tembea taratibu, maana mwili haujazoea kupanda mita 1,500 kwa nusu saa. Kichwa kikigonga, teremka. Miwani ya jua ni lazima.

Nauli ni kali, ingawa kadi ya nusu nauli huipunguza kwa nusu. Kamera zikionyesha ukungu, hifadhi pesa yako. Kesho yake alfajiri nenda daraja la Kirchbrücke, pale pale mjini, bila kulipa chochote: mwanga unaanza kwenye ncha ya Matterhorn, rangi ya chungwa, halafu unashuka polepole kwenye uso wa mashariki.