Nimenunua boti ya mtumba Kunduchi: faiba ya futi 19 na Yamaha Enduro 40

Bajeti yangu ilikuwa milioni 12, kila kitu humo humo: chombo, mashine, makaratasi na maboya ya kuvaa. Kwa hela hiyo Dar es Salaam hupati boti ya kupigia picha. Unapata spidiboti ya zamani ambayo mwenyewe ameshaichoka, au mashua ya mbao iliyofungwa mashine, au faiba ya wazi, yaani boti ya fiberglass isiyo na paa, kama zile za wavuvi. Niliziangalia zote tatu kabla ya kutoa hela, nikachukua faiba. Ninayo tangu kusi iliyopita, ule msimu wa upepo wa kusini. Nimekwenda nayo visiwa vya Mbudya, Bongoyo na mpaka Sinda, watoto wakiwa ndani, kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu anayeitumia, si cha mtu aliyeinunua jana.

Niseme mapema msimamo wangu: ukiwa na bajeti ndogo unanunua mashine, boti inakuja nayo. Wanaotafuta chombo cha kwanza wanafanya kinyume. Wanapenda umbo, rangi na viti, halafu mashine wanaambiwa "iko poa tu". Faiba iliyotoboka fundi wa Kunduchi anaiziba kwa mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) na resini (gundi yake) ndani ya siku chache. Mashine iliyoliwa na chumvi kwa ndani hakuna anayeirudisha.

Spidiboti niliyokwenda kuiona ilikuwa Kigamboni, na sitadanganya, ilinivuta. Nyeupe, viti vya ngozi bandia, redio, ngazi ya kupandia ukitoka kuogelea. Bei yake ilikuwa chini ya bajeti yangu, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Nilikuwa na fundi, kijana aliyekulia Ferry, soko la samaki, kwenye mashine za wavuvi. Hakuangalia viti wala redio. Alipiga magoti mchangani, akakinga kikopo, akalegeza skrubu ya chini ya gia boksi. Oili ikaanza kutiririka polepole, na rangi yake ilikuwa chai ya maziwa kabisa. "Dada, hii imekunywa maji," akasema, akaikaza skrubu, tukaaga. Oili ya gia yenye afya haibadiliki kuwa nyeupe hata ikizeeka. Ikitoka namna ile, sili, zile mpira za kuzuia maji, zimekwisha, na maji ya bahari yamekaa na beringi kwa muda ambao muuzaji hatakutajia.

Hata oili ingekuwa safi nisingeichukua. Boti za aina ile injini yake iko ndani, kama ya gari, na mguu unatokea nyuma kwenda majini. Pale mguu unapopita kuna mpira wenye mikunjo unaozuia maji. Mpira ukipasuka, boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa tu, hakuna aliyeiwasha. Sasa jiulize mpira huo utaupata wapi. Vipuri vya Yamaha za mkono, zinazofungwa nyuma ya boti, navipata mjini, na kila pwani kuna mtu anayejua kuzifungua. Hiyo ya mguu ungeagiza nje na kusubiri.

Mashua ya mbao niliiona Mbweni, nzuri kweli, lakini mbao zinataka kutumika. Ya mvuvi inaingia majini kila siku, mbao zimevimba na kubanana. Mimi ninayetoka wikiendi mojamoja ningeikuta kila mara imekauka, mianya imefunguka, inataka kalafati upya. Tukapita.

Faiba tuliikuta Kunduchi, kwa mzee aliyekuwa akipeleka watu Mbudya. Futi 19, haina paa, benchi tatu, rangi ya bluu iliyopauka vibaya. Mashine ni Enduro ya nguvu za farasi 40, ya kuwasha kwa kamba, usukani wa mkono, silinda mbili. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kabla sijauliza lolote, fundi wangu aliweka kiganja juu ya kava ya mashine. Ikawa ya moto.

"Mzee, mashine imeshafanya kazi leo?"

"Kijana wangu aliipasha kidogo."

"Basi mzee wangu, tutarudi kesho asubuhi. Tunaomba isiguswe."

Mzee alicheka. "Wewe umefundishwa," akamwambia. (Alimwambia fundi, si mimi. Kila nilipokwenda, maswali niliyouliza mimi yalijibiwa kwa fundi. Wanawake mnaotafuta boti jiandaeni, wala msipoteze nguvu kugombana. Ulizeni tu tena.)

Sababu ya kurudi ni kwamba mashine iliyochoka ikishapashwa inawaka bila shida. Uchovu wake unauona ikiwa baridi. Kesho yake iliwaka kwa mvuto wa tatu, na moshi wa mwanzo ukapungua baada ya dakika moja mbili, jambo la kawaida kwa mashine ya kuchanganya oili. Kitu cha pili ni kuangalia inakojoaje. Ule uzi wa maji unaotoka pembeni uwe na nguvu na uwe wa mfululizo. Ukiwa dhaifu, huenda ni impela tu, feni ya mpira inayosukuma maji, kipuri kidogo na cha bei ndogo. Huenda pia ni njia za maji zilizoganda chumvi ndani ya bloku, na hapo ndipo pesa zinapokwenda. Fundi alitoa plagi zote mbili, akafunga kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), akavuta kamba mara kadhaa kila upande. Namba yenyewe hubadilika kulingana na kipimo na nguvu za anayevuta. Kinachotakiwa ni silinda mbili zikaribiane. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, ujue ringi au pistoni ya upande mmoja inalalamika. Zetu zilikaribiana.

Halafu tukaingia majini. Usikubali kuonyeshwa mashine ikizunguka ndani ya pipa la maji peke yake. Humo haina mzigo. Sisi tulitoka na kusi ikiwa inavuma, na ningemshauri yeyote anunue msimu huo: bahari imechafuka, boti inajieleza yenyewe, na wenye kuuza wako tayari kuongea bei kwa sababu wateja wa visiwani wamepungua. Kaskazi bahari ikitulia kila boti ni nzuri. Tuliiendesha polepole dakika kumi kuona kama itajizima, tukaingiza gia mbele na nyuma, kisha fundi akaifungulia yote. Anasikiliza kama mlio unapanda wakati boti haiongezi mwendo. Hiyo ina maana mpira wa ndani ya propela umeachia, inazunguka bure.

Kwenye bodi yenyewe kuna sehemu moja niliyoigharamia muda: ubao wa nyuma unaobeba mashine. Kwenye faiba nyingi zetu ndani ya ukuta ule kuna mbao iliyofunikwa, na maji yakipenyea kwenye matundu ya bolti mbao inaoza huku nje kukiwa kuzima. Tuliinua mashine juu, fundi akashika mguu wake akaanza kuupandisha na kuushusha kwa nguvu huku mimi nikitazama kama ukuta unacheza. Haukucheza. Kisha akageuza bisibisi, akapita na mpini wake akigonga kila kiganja, kutoka shetri (nyuma) mpaka omo (mbele). Faiba nzima inajibu kwa sauti kavu, ko ko ko. Pale shetri, karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), ikajibu bu bu, sauti ya kitu chenye nyama laini. Tukaigeuza ubavu. Mkuku ulikuwa umesagika mpaka nyuzi za mati zinaonekana, kwa kuburutwa mchangani miaka yote.

Huu ni ubovu ninaoupenda. Unatisha macho, unashusha bei, na matengenezo yake ni rahisi. Mzee alishusha laki sita, na matengenezo hayakufika nusu ya hiyo. Rangi iliyopauka, benchi lililochanika, mikwaruzo, vyote weka kundi hilo hilo. Kimbia ubao wa nyuma ulioloa, sakafu inayobonyea unapokanyaga juu ya mataruma (mbavu za boti), na boti inayokaa chini kupita kiasi ikiwa tupu, maana sponji iliyo chini ya sakafu imenyonya maji na haitakauka.

Makaratasi msiyaone usumbufu. Mashine za boti zinaibiwa sana pwani hii, kwa hiyo namba iliyo kwenye kibati cha mashine ilingane na ya kwenye risiti. Risiti ikikosekana, BMU, kamati ya wavuvi ya pale pwani, wanajua mashine gani ni ya nani kuliko karatasi yoyote. Mauziano tuliandikishana serikali ya mtaa, mashahidi pande zote. Kwa Tanzania Bara ukaguzi wa vyombo vidogo na leseni zake uko TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini. Walio Zanzibar wana mamlaka yao, ZMA. Uliza kabisa kabla ya kununua wanataka nini ndani ya chombo chako, maana maboya ya kila abiria na vifaa vya uokoaji vinakula bajeti.

Sasa maisha nayo. Kutoka Kunduchi mpaka Mbudya ni kama robo saa bila haraka, na hiyo ndiyo safari tunayoifanya zaidi. Kisiwa kile na wenzake, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Kuna kiingilio, na nanga usiitupe juu ya matumbawe, tafuta mchanga. Boti haina kina kirefu, na hilo limenisaidia kuliko nilivyodhani. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Dar yanapishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, ukizubaa na mazungumzo unaikuta imekaa mchangani. Faiba hii inakaa bila kuumia na tunasubiri maji yarudi.

Ubaya wake upo. Haina kivuli, na jua la saa saba linawamaliza watoto. Ukienda dhidi ya upepo inarusha maji, wa omo analowa mpaka nguo za ndani. Mkono wa usukani unatetemeka, safari ya Sinda nilirudi vidole vimekufa ganzi. Kelele ni nyingi, mnazungumza kwa kupiga ukelele. Na inakunywa. Ukiifungulia yote inapita lita 15 kwa saa bila aibu, na juu ya petroli unaongeza oili, lita 1 kwa kila lita 50. Siku hizi Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei mpya za mafuta za EWURA kama dereva wa bodaboda. Nimejifunza kuiendesha nusu, ambapo matumizi yanapungua sana na hakuna anayelowa.

Kuihifadhi ndiyo gharama ambayo hakuna muuzaji anayeitaja. Nalipa mlinzi wa pwani kila mwezi, na kila tukirudi mashine inazungushwa kwenye pipa la maji baridi ili chumvi itoke. Kisha inafunguliwa na kwenda kulala ndani kwa watu. Ina kama kilo 70, inabebwa na watu wawili kwa mti begani, nao wanataka chochote. Hesabu hiyo yote ifanye kabla, si baada.

Kama unataka boti ya kukaa na wageni, muziki na vinywaji, hii haitakufaa, na kwa milioni 12 sidhani kama ipo itakayokufaa. Kama unataka kufika kisiwani na kurudi, ukiharibikiwa umpigie fundi yeyote wa pwani na aje na spana zake tu, naipa alama 8 kwa 10. Mbili zimeondoka kwa ajili ya kivuli na petroli. Kivuli kinashonwa, turubai juu ya mabomba manne, fundi ameshapima.

Na kama mfuko wako una milioni 7 au 8, usijilazimishe kwenye 40. Chukua ya futi 16 yenye mashine ya farasi 15. Itakuchelewesha dakika chache tu Mbudya, inakunywa kidogo, na jioni mtu mmoja anaiweka begani akaenda nayo nyumbani.