TAHADHARI: Seti za "badili cheni mwenyewe nyumbani" zinazouzwa mtandaoni

Wakuu, habari za muda huu. Nina gereji ndogo ya pikipiki hapa Morogoro, na siku hizi wateja wananiletea kisanduku kilekile chekundu cha plastiki. Ndani kuna kitoa pini za cheni, spana chache, cheni ya 428 (hiyo ni saizi ya cheni) na sproketi mbili, yaani gia za meno zinazozungusha cheni, kubwa na ndogo. Tangazo linasema seti kamili, badili cheni na sproketi mwenyewe, 65,000 tu, tunatuma mikoani. Muuzaji anadai ana duka Gerezani, Kariakoo. Jirani yangu anayefuata spea Dar alikwenda mpaka kwenye mlango aliotajiwa, akakuta wanauza mabomba ya maji na hakuna anayemjua.

Siandiki jina la akaunti kwa sababu analibadilisha kila anaposhtukiwa. Mbinu zake ndizo hazibadiliki. Jamaa anapiga kwa njia mbili: kuna wanaopata mzigo na kuna wasioupata kabisa.

Nianze na wanaoupata. Kitoa pini cha kwenye video yake ni cha chuma kweli. Anakifunga kwenye cheni, anazungusha, pini inatoka. Kinachokuja kwenye kisanduku ni kingine, kimepakwa silva tu. Juzi kijana wa bodaboda kaniletea chake: nyuzi za boliti zimeliwa, chenga zinang'aa ndani ya grisi, ncha ya kusukumia imepinda, na pini ya cheni haijasogea hata kidogo. Nilipokibana kwenye jiriwa, mwili ukakatika. Ndani ni kijivu, punjepunje, kama ugali uliolala. Sumaku haikushika. Hiyo ni aloi laini ya kumimina, haiwezi kusukuma pini ya cheni. Na yale maandishi ya CR-V ubavuni, yanayodai ni chuma kigumu cha kromu na vanadiamu, yasikutishe, mwenye kalibu anaandika anachotaka.

Sumaku ikishika pia usifurahi haraka, maana chuma laini nacho kinashika. Chukua tupa, pitisha kwenye ile ncha. Ncha iliyokomazwa inateleza chini ya tupa, ncha ya ovyo inaliwa palepale. Fanya hivyohivyo kwenye ubavu wa jino la sproketi. Hiyo seti yao jino linachubuka kirahisi, na sproketi laini itakula meno mapema halafu iharibu na cheni.

Cheni yenyewe ndiyo iliyoniudhi zaidi. Imepigwa rangi ya dhahabu, inapendeza, lakini ukikwangua kwa kucha kwenye rola unakuta pameshalika. Ni cheni iliyotumika, imeoshwa kwa petroli na kupulizwa rangi. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi: inyooshe mezani, ivute kidogo, hesabu pini 21, kisha pima kwa rula kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 inatoa sentimita 25.4. Ikikaribia 26 hiyo imeshamaliza safari zake kwa mtu mwingine. Hii ya kijana ilipita 25.9, na aliuziwa kama mpya.

Halafu kuna klipu ya loki, yaani ya kile kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni. Klipu nzuri ina springi, ukiibana inarudi. Ya kwenye kisanduku ukiipanua inabaki hivyohivyo imepanuka. Hapa hatuzungumzii hela tena. Klipu ikichomoka ukiwa barabarani cheni inaruka, inaweza kuvunja kava la injini pale kwenye sproketi ndogo, au ikajisokota na kufunga tairi la nyuma ukiwa na abiria. Kwa hiyo hata kama umeamua kuvumilia spana zao, ile klipu itupe, nunua nyingine dukani. Ukiifunga, upande uliozibwa uelekee cheni inakokwenda, mdomo wazi ubaki nyuma.

Kuna jambo muuzaji hatakwambia, na mimi fundi nalisema ingawa linanikosesha hela ya ufundi: pikipiki nyingi za biashara, zile za 125 na 150, hazihitaji kitoa pini kabisa. Cheni yake ina loki ya klipu. Ukinunua cheni yenye idadi sahihi ya viungo, unahitaji plaizi ya mdomo mrefu, spana ya nati ya ekseli inayolingana na pikipiki yako, spana za boliti za sproketi, na stendi ya kati. Ikizidi viungo, kichwa cha pini kinasagwa kwa grainda, kisha pini inagongwa itoke. Kitoa pini cha maana ni kwa pikipiki kubwa zenye cheni ya 520 kwenda juu, ambazo loki yake inagongwa riveti. Kwa hiyo mwenye Boxer anayeuziwa mashine ya kutoa pini anauziwa kitu cha kwenda kukaa uvunguni.

Sasa wasiopata mzigo. Hawa wanalipa nusu kwanza. Baada ya hapo inakuja picha ya risiti ya basi yenye jina lako, na ujumbe: "Bosi wangu mzigo umeshatoka, upo njiani." Jioni simu inapigwa na mtu mwingine anayejiita wa ofisi ya vifurushi. Anasema mzigo umezuiwa stendi ya Magufuli, Dar, kwa sababu una vyuma, tuma 15,000 ya kuutoa. Ukituma, inakuja nyingine ya "kodi". Nimeonyeshwa risiti mbili za watu tofauti, zote zina namba moja ya mzigo na mkunjo uleule kwenye kona ya karatasi. Kilichobadilika ni jina tu.

Ukipewa jina la basi, usipige namba aliyokutumia yeye. Nenda mwenyewe ofisi ya basi hilo, kwa hapa kwetu ni Msamvu, wasomee namba ya risiti. Wakikwambia haipo, hakuna mzigo, na wala usiendelee kubishana naye kwenye simu.

Uliyekwisha kutuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako muda huohuo uombe muamala uzuiwe, kwa sababu akishaitoa kwa wakala kuirudisha ni kazi. Usifute meseji hata moja. Meseji za namna hiyo zinatumwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenda 15040, zikiwa na namba iliyokutapeli. Kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako, maana utapeli wa aina hii unaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na wenye bidhaa feki mkononi, FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia, wapelekeeni kisanduku chenyewe pamoja na picha ya tangazo.

Wapo wauzaji waaminifu mtandaoni, wengine nanunua kwao. Wao ukiwaambia utalipa mzigo ukishaupima kwa tupa na rula hapo stendi, wanakuelekeza wakala wao. Huyu wa kisanduku chekundu ukimwambia hivyo anakublock.