Tathmini ya GAMSTOP, huduma ya kujizuia kubeti mtandaoni nchini Uingereza

GAMSTOP ni huduma isiyolipiwa inayomwezesha mkazi wa Uingereza, kwa kujaza fomu moja, kujifungia nje ya tovuti na programu zote za kamari zenye leseni ya Tume ya Kamari ya nchi hiyo. Ilianza kazi mwaka 2018, inaendeshwa na kampuni isiyotafuta faida, na watu zaidi ya nusu milioni wamekwishajiandikisha. Naiandikia tathmini kwa Kiswahili kwa kuwa Waafrika Mashariki wanaoishi huko hubeti kama wenyeji wanavyobeti, ilhali wengi niliozungumza nao wanazijua nembo za kampuni za kubeti moja baada ya nyingine na hawajapata kusikia kwamba mlango wa kutokea upo, tena ni wa bure. Rai yangu ni kwamba huduma hii inafanya kazi moja kwa ustadi mkubwa, na anayeitwisha kazi ya pili ataumia.

Fomu yenyewe si ndefu. Unaandika majina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na msimbo wa posta, barua pepe na namba za simu, unathibitisha utambulisho wako, kisha unachagua muda: miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Kizuizi huanza kufanya kazi ndani ya saa 24. Kuanzia hapo, kila unapojaribu kuingia kwenye akaunti ya zamani au kufungua mpya, kampuni hulinganisha taarifa zako na zile zilizomo katika daftari la GAMSTOP na kukukatalia. Kampuni hizo zinatakiwa pia zikuondoe katika orodha zao za matangazo, ili zile jumbe za beti ya bure zinazoingia Jumamosi kabla mechi hazijaanza zikome.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni ile ya taarifa binafsi, nami niliiona kwa karibu nilipokaa na mpwa wangu akiijaza. Alikuwa ameweka barua pepe moja na namba moja ya simu, kidole kikiwa tayari kubonyeza mbele. Nikamwuliza kama hana nyingine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Ipo, mjomba, ila hiyo niliifungua kwa ajili ya bonasi tu.” Baada ya hiyo ikapatikana ya tatu, ya enzi za chuo, pamoja na laini ya simu aliyokwisha kuiacha na anwani ya chumba alichokuwa amepanga awali. Mfumo unaruhusu vyote hivyo viongezwe, na visipoongezwa vinabaki kuwa matundu, kwa sababu mashine inalinganisha kile ilichopewa na si kile mtu alichokusudia. Kwa watu wa kwetu liko na suala la majina: pasipoti ina majina matatu likiwemo la babu, kadi ya benki ina mawili, na Mohamed wa cheti cha kuzaliwa amekuwa Mohammed kwenye akaunti ya kubeti. Tofauti za namna hiyo ni vyema ziwekwe wazi kwa wahudumu wa GAMSTOP mapema, na kila unapohama nyumba au kubadili namba uingie tena uzisasishe taarifa zako.

Alipofika kwenye kipengele cha muda, kijana akauliza itakuwaje akibadilisha mawazo baada ya mwezi mmoja. Jibu ni kwamba hatasikilizwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani nzima ya huduma hii. Muda uliouchagua haupunguzwi, hata ukipiga simu ukalia, hata ukieleza kwamba siku ile ulikuwa na hasira. Ni vigumu kumweleza mtu asiyebeti kwa nini ukali huo ni hisani. Anayepoteza fedha nyingi kwa kawaida hazipotezi kwenye mkeka wa Jumamosi, yaani orodha ya mechi alizozibashiri kwa dau moja, alioufikiria tangu Alhamisi. Huzipoteza usiku ule ule mkeka ulipochanika kwa bao la dakika za nyongeza, anapohamia kwenye sloti, ile michezo ya mashine ya kuzungusha picha, akitaka kuikomboa hela yake kabla ya kulala. Saa hiyo hana uwezo wa kujiwekea masharti, na kampuni inayoendelea kupokea dau lake haina haraka ya kumwekea. GAMSTOP inamruhusu yule mtu wa asubuhi, mwenye akili zilizotulia, amfungie njia yule wa usiku.

Inafaa kukumbuka pia kwamba sheria za Uingereza zimeibana michezo yenyewe, na bila hizo huduma hii ingebeba mzigo mkubwa zaidi. Tangu Aprili 2019 dau la juu katika mashine maarufu za maduka ya kubeti lilishushwa kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mzunguko. Aprili 2020 ilipigwa marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo. Mwishoni mwa Oktoba 2021 sloti za mtandaoni zilikatazwa kujizungusha zenyewe, na kila mzunguko ukatakiwa uchukue angalau sekunde 2.5. Mwaka 2025 ukaja ukomo wa dau kwenye sloti hizo hizo: pauni 5 kwa mzunguko kwa watu wazima, na pauni 2 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Kampuni nazo zina vitufe vyao vya kuweka kikomo cha fedha au cha muda ndani ya programu, na sivibezi, lakini kitufe cha kampuni moja hakina habari na akaunti nyingine nne zilizomo katika simu ile ile.

Kinachoipa GAMSTOP meno ni leseni. Ilipoanza, kampuni zilikuwa na hiari kubwa ya kujiunga au kutojiunga, na daftari lenye matundu ya aina hiyo halikuwa na maana kwa mtu aliyezidiwa, maana huyo hulitafuta tundu kwa bidii kuliko mkaguzi. Tarehe 31 Machi 2020 Tume ya Kamari ililifanya kuwa sharti la leseni kwa kila kampuni ya mtandaoni, na kampuni mbili ambazo hazikuwa zimetimiza sharti hilo kwa wakati zikasimamishiwa leseni mara moja. Kwamba usimamizi huo si wa karatasini tu kulionekana tena Machi 2023, makampuni ya kundi la William Hill yalipotakiwa kulipa pauni milioni 19.2. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa na Tume, mteja mmoja aliruhusiwa kufungua akaunti na kutumia pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila kuulizwa lolote, na wateja 331 waliokuwa wamejizuia katika kampuni dada ya Mr Green waliweza kuendelea kubeti William Hill. Nalitaja hilo la pili kwa makusudi, kwa sababu linaonyesha tofauti kati ya kujizuia kwa kampuni moja moja na kujizuia kwa daftari moja la taifa: ahadi ya kampuni moja inaweza isivuke hata ukuta wa chumba cha pili cha nyumba ile ile.

Sasa yale isiyoyafanya. GAMSTOP haigusi duka la kubeti lililo mtaani. Mtu aliyejifungia mtandaoni anaweza kuvuka barabara, akaingia dukani na kubeti kwa noti, na ili azuiwe huko anapaswa kujiandikisha katika mpango tofauti wa maduka, kama ambavyo kasino za majengo nazo zina mpango wao. Sioni sababu ya msingi ya mtu aliyeelemewa kulazimika kuanza safari tatu kwa tatizo moja, na hapo naikosoa serikali zaidi kuliko huduma yenyewe. Pengo kubwa zaidi ni la tovuti zisizo na leseni ya Uingereza. Ziko nje ya nchi, hazitambui daftari lolote, na baadhi yake hujitangaza waziwazi kwamba hazimo kwenye GAMSTOP, yaani zinamwinda yule yule aliyejifungia. Kwenye tovuti hizo mchezaji hana wa kumlalamikia anaponyimwa fedha alizoshinda. Halafu yapo matangazo. Huduma inaweza kukukatia jumbe za kampuni zenye leseni, lakini haiwezi kufuta nembo iliyo kifuani mwa mchezaji wa Ligi Kuu ya England unayemtazama kila wikiendi. Vilabu vilikubaliana mwaka 2023 kuziondoa nembo za kampuni za kamari mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26, ingawa mikono ya jezi na mabango ya kando ya uwanja havimo katika makubaliano hayo.

Kuhusu mwisho wa muda, utaratibu umewekwa kwa busara. Miezi yako ikitimia, milango haifunguki yenyewe. Ni lazima uwasiliane nao, uombe kuondolewa, kisha usubiri siku nzima kabla ya ombi kutekelezwa. Anayekaa kimya anaendelea kulindwa. Kwa sababu hiyo wasiwasi wa kuchagua muda mrefu hauna uzito sana, na kama ningeulizwa ningesema miezi 6 ni mifupi kwa mtu mwenye deni, kwa kuwa deni lenyewe mara nyingi linakuwa halijaisha, na hamu ya kulilipa kwa mkeka mmoja ingali hai.

Ili kuziba yale mapengo, GAMSTOP isitumike peke yake. Benki kadhaa za Uingereza zina kitufe ndani ya programu zao cha kuzuia malipo yote ya kamari, na kile cha benki ya Monzo, kilichoanza mwaka 2018, hakizimiki papo hapo. Inakubidi usubiri saa 48. Ipo pia Gamban, programu inayowekwa kwenye simu na kompyuta na kuzuia tovuti za kamari, zikiwemo nyingi zisizo na leseni, na hutolewa bure kupitia ushirikiano wa TalkBanStop kati ya GAMSTOP, Gamban na GamCare. GamCare ndio wanaopokea simu ya taifa ya msaada, 0808 8020 133, saa 24, bila malipo. Nawasihi wasomaji wasiione simu hiyo kuwa ni ya watu walioharibikiwa tu. Mke, mzazi au rafiki wa mchezaji naye anaweza kuipiga. Tangu Aprili 2025 matibabu na kinga havitegemei tena michango ya hiari ya kampuni, kwani sasa zinatozwa tozo ya lazima ya kati ya asilimia 0.1 na 1.1 ya mapato yao, na nusu ya tozo hiyo huenda kwenye matibabu.

Msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam hawezi kujiandikisha GAMSTOP, na ana haki ya kuuliza yake iko wapi. Kenya imepata Sheria ya Kudhibiti Kamari iliyotiwa saini na Rais William Ruto tarehe 7 Agosti 2025, ambayo imeunda mamlaka mpya ya kuchukua nafasi ya bodi iliyotokana na sheria ya mwaka 1966. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003. Kwa mtazamo wangu Kenya ingeweza kuwa na daftari bora kuliko la Waingereza, kwa sababu akaunti ya kubeti ya Mkenya hufunguliwa kwa namba ya simu, laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho, na fedha hupita M-Pesa. Hakuna haja ya kubahatisha kama Mohamed na Mohammed ni mtu mmoja. Julai 2019 serikali iliposhikilia leseni za kampuni 27 na kuiagiza Safaricom izifunge namba zao za malipo, kila mtu aliona kwamba bomba linaweza kufungwa mahali pamoja. Kulifunga kwa ombi la mteja mmoja ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Kwa sasa, aliyeko Afrika Mashariki anaweza kutumia BetBlocker, programu ya bure ya shirika la hisani inayofanya kazi katika nchi yoyote, na kuiwekea muda ambao hataweza kuiondoa. Lakini programu ya aina hiyo huzuia intaneti, haizuii mkeka unaotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa hiyo anayebeti kwa njia hiyo atalazimika kuiandikia kila kampuni aliyo na akaunti kwayo, ataje namba yake ya simu na muda anaotaka kuzuiwa, aombe majibu kwa maandishi, na ayahifadhi majibu hayo.